Binti wa Injinia

Mzee Sohan Singh alipofariki, mwanawe alinitumia ujumbe wa simu, nikapanda treni kwenda Birmingham asubuhi ya mazishi. Baada ya mwili kuchomwa tulirudi gurudwara, hekalu la Masingasinga, nikaketi sakafuni upande wa wanawake, mtandio kichwani, sahani ya chuma yenye dengu na chapati mbele yangu. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami, mzaliwa wa Kisumu, aliiangalia sura yangu ya Kisomali akaniuliza kwa Kiswahili nilimjuaje marehemu. Nikamwambia kwamba zamani kidogo tuliunda injini pamoja, injini ndogo ya ndege, kule Aston. Akafurahi, akataka kusikia yote: nani mwingine alikuwepo, je iliwaka, iko wapi sasa. Nilimjibu mkato mkato, nikainamia chakula, uso ukiniwaka. Upande wa pili wa ukumbi alikuwepo baba yangu kati ya wanaume, kichwani amefunga kile kitambaa cha rangi ya chungwa walichompa mlangoni, akila taratibu na kuzungumza na wenzake kama mtu wa nyumba hiyo. Nilimtazama nikaona haya, kama ninavyoona kila nikikumbuka mwaka ule. Sina namna ya kumsimulia Mzee Sohan bila kumsimulia Baba, na habari za Baba sijawahi kuzianza nikazimaliza.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa chuo, miaka michache kabla ya ule ugonjwa uliowafungia watu ndani dunia nzima. Mimi na Baba tulipanga vyumba viwili Acocks Green, juu ya duka la kufulia nguo, karibu na stesheni. Mashine za chini zilipoanza kukausha, sakafu yetu ilitetemeka na vikombe vikagongana kabatini. Jikoni kulikuwa na joto hata Januari, kwa hiyo maisha yetu yote tuliyahamishia jikoni. Baba alifunga maboksi katika ghala moja Great Barr, kando ya ile barabara kuu ya M6, na kila siku alibadilisha basi mjini, kwenda na kurudi. Akifika alivua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka viwiko, akapika. Alipika tambi kwa nyama ya mbuzi, akaweka ndizi mbivu pembeni, na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Alipokuwa akikoroga, alisimulia, na hapo akawa mtu tofauti kabisa na yule wa maboksi. Alisimulia uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, ndege za watalii na za madaktari, rubani aliyetua na gurudumu moja, asubuhi za baridi ambapo injini zilikohoa na kukohoa kabla ya kukubali kuwaka. Hadithi hizo ndizo zilizonilea. Mtaani kwetu Eastleigh hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Injinia, mimi nikaitwa binti wa Injinia, na jina hilo likatufuata mpaka Uholanzi, tulikohamia kwanza, na mpaka Birmingham. Kwenye harusi na matanga, Wakenya na Watanzania na Wakongomani walimwita hivyohivyo wakamsogezea kiti cha mbele. Nilichagua kusomea mitambo kwa sababu yake. Sikuwahi hata siku moja kutafuta sababu nyingine.

Karakana ya Aston ilikuwa nyuma ya safu ya nyumba za matofali mekundu, si mbali na uwanja mkubwa wa mpira. Siku za mechi kelele za mashabiki ziliingia mpaka ndani, na Derek, Mwingereza mstaafu aliyekuwa na funguo za mahali pale, alikunja uso kwa sababu hakupenda mpira. Yeye na wazee wenzake walitaka kufufua injini moja ya silinda tatu iliyobuniwa jirani na pale, kati ya vile vita viwili vikubwa, na kiwanda kidogo ambacho jina lake halimo tena hata ukutani. Waliomba chuo kiwapatie mwanafunzi wa kuwasaidia michoro, nikatumwa mimi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni sijui nianzie wapi. Mzee mwenye kilemba cha buluu, aproni yake imejaa vumbi la chuma, alinisikia nikitaja jina langu kwa Derek, Ifrah, na Kiingereza changu kikaniumbua. Akaniuliza, kwa Kiswahili, kama mimi ni mtoto wa Nairobi. Huyo ndiye Mzee Sohan. Alizaliwa huko, akaja Uingereza ujanani, akatumia maisha yake kutengeneza vifaa katika viwanda vya Birmingham. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji za zamani, hakijali ngeli wala nini. Chuma iko moto, kipimo iko sawa, wewe ngoja kwanza. Nilikipenda. Mwaka wote huo hatukuzungumza Kiingereza isipokuwa Derek akiwa kati yetu.

Injini ya aina ile haipangi silinda zake mstari mmoja kama ya gari. Zinazunguka kitovu kama miale ya nyota. Wabunifu wa zamani waliipenda kwa ndege nyepesi kwa sababu upepo unaipoza wenyewe, haihitaji maji wala rejeta, na mhimili wake wa katikati ni mfupi, na kilicho kifupi ni chepesi. Walikuwa na ndoto ya ndege ambayo daktari wa shamba au mwalimu wa shule angeweza kuimudu, akaikunja mabawa jioni na kuisukuma bandani. Basi uzito ulikuwa ugomvi wao wa kila siku. Nilikaa na michoro yao na kuona walipokwangua chuma hapa, wakatoboa pale, wakayafanya mapezi ya kupozea silinda kuwa membamba kama kucha. Kazi yangu ilikuwa konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na mhimili. Pistoni tatu zote zinasukuma sehemu moja ya mhimili, na konrodi tatu haziwezi kushika mahali pamoja. Kwa hiyo moja inakuwa kubwa na kuushika mhimili, na nyingine mbili zinajishikiza kwake kwa pini. Mzee Sohan aliiita ile kubwa mama, na zile mbili watoto. Huyo mama ndiye aliyekuwa hayupo, wala mchoro wake haukuonekana. Nilitakiwa kumbuni upya kutokana na vilivyobaki. Ugumu ni kwamba watoto hawazunguki pale hasa anapozunguka mama. Wako pembeni kidogo, kwa hiyo kila pistoni hupanda na kushuka kwa mwendo wake. Yule mbunifu wa zamani alilijua hilo, akalirekebisha kwa ujanja mdogo kwenye urefu wa vitu vingine, na siku nilipougundua ujanja huo nilicheka peke yangu maktabani mpaka watu wakageuka.

Nilikuwa napeleka furaha hiyo nyumbani jikoni. Nilimweleza Baba kila kitu, na nilimuuliza maswali, kwa sababu nani mwingine ningemuuliza? Jioni moja nilimuuliza kwa nini injini za namna hii karibu zote zina silinda witiri: tatu, tano, saba. Jibu nililijua, ni somo la mwanzo. Silinda huwaka kwa kurukana, moja inawaka, inayofuata inapitwa, na zikiwa shufwa mruko unaharibika na injini inatetemeka kwa kukosa mpigo sawa. Nilitaka tu kulisikia kwa mdomo wake. Baba alikoroga sufuria akasema ni mizani, kitu kizuri lazima kiwe na mizani. Nikasubiri aendelee, hakuendelea. Nikadhani ananipima. Nikamweleza mimi, nikichora kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha, naye akasikiliza macho yaking'aa, akasema, sawasawa, umesoma. Nililala nimefurahi. Ikawa hivyo kila mara. Kila swali alinirudishia, nami nikalijibu mwenyewe, na sifa akanipa. Sasa nikizirudia jioni zile naona jinsi alivyokuwa akisimama, mgongo kwangu, uso kwenye jiko.

Mara ya kwanza kuja karakana alikuja na sambusa kwenye bakuli, amevaa koti lake la sherehe. Derek alimpokea vizuri, akamuuliza alifanyia kazi injini gani. Baba akasema za kila aina. Derek akamwekea mkononi kifaa kimoja cha kusukumia vali, kizito, kinang'aa, ambacho ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukisafisha. Baba akakigeuza geuza, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akasema kazi safi. Mzee Sohan, aliyewahi kupeleka vipuri kwenye uwanja uleule ujanani mwake, akamuuliza kwa Kiswahili alikuwa banda gani, na msimamizi wao alikuwa nani. Baba akataja jina. Mzee Sohan akasema alaa, akamvutia kiti na kumtengenezea chai. Walizungumza juu ya vumbi la Nairobi na bei za nyama mpaka tukaondoka.

Wiki chache baadaye nilikuwa nanawa mikono nyuma ya ule ukuta wa mbao uliotenga jiko la karakana, na Derek na Mzee Sohan walikuwa upande wa pili na vikombe vyao. Hawakujua nipo. Derek alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yule baba wa Ifrah hajawahi kushika spana maisha yake. Kile kifaa alikishika juu chini. Mzee Sohan akasema alijua tangu siku ile, na msimamizi aliyetajwa hakuwahi kuwepo.

"Ni baba yake," akasema. "Yaache hapo."

Maji ya bomba yalikuwa ya baridi sana lakini sikuutoa mkono. Niliogopa wakisikia bomba linafungwa watajua. Nilisimama pale mpaka wakarudi kwenye mashine, nikatoka nikasema nina kipindi chuoni, nikatembea kwa miguu mpaka mjini. Jioni hiyo, Baba akimenya vitunguu, niliitazama mikono yake. Ilikuwa na mikwaruzo ya kisu cha kukatia maboksi na gundi ya utepe imeganda kwenye kucha. Nikazirudia hadithi zote, ya gurudumu moja, ya injini zinazokohoa, na katika zote nikagundua kwamba alikuwa amesimama nje, anatazama. Hakuna hata moja ambayo alifungua kitu akakifunga. Ningewezaje kutoliona hilo, mimi niliyefundishwa kutazama kitu mpaka kielezeke? Na wao wameliona kwa dakika moja. Nilimwonea haya, kisha nikajionea haya mimi, kisha nikawaonea haya wale wazee wawili, kwamba walikuwa wakinihurumia huku mimi nikiwasimulia kila Jumamosi alivyosema Baba.

Sikumwambia kitu. Niliacha tu kumuuliza maswali. Akaliona hilo, akaniuliza kama injini imeninyamazisha, nikasema nimechoka. Konrodi yangu ikachongwa. Mzee Sohan aliikereza siku nyingi, akiisimamisha mashine kila mara kupima, akiniita nije kushika, nihisi mwenyewe ilivyo laini pale ilipotakiwa kuwa laini. Ilipoingia mahali pake bila kulazimishwa aliniwekea mkono begani, mkono mzito wenye mafuta, akasema, "Mama amerudi nyumbani." Ningepaswa kuruka kwa furaha. Nilichofikiria ni kwamba Baba atauliza iko vipi, nami nitalazimika kumwona akitafuta la kusema.

Majira ya kuchipua Derek akaamua tualike watu tuiwashe hadharani, uani, imefungwa kwenye kiunzi cha mbao nzito pamoja na propela yake. Yeye alialika majirani na walimu wangu wawili. Baba alialika Birmingham nzima, yaani Birmingham yetu. Mama Furaha, Mkongomani aliyekuwa anapika kwenye shughuli zetu zote na ambaye neno lake halipingwi, alikuja na sufuria la mandazi na nyuma yake familia baada ya familia, watoto wamevaa nguo za Idi, wanaongea Kiingereza chao cha hapa na kujibu kwa Kiingereza hata wakisemeshwa Kiswahili. Uani pakajaa. Kabla Derek hajamaliza maelezo yake, Mama Furaha akapaza sauti na kusema kwa Kiswahili kwamba papa Injinia mwenyewe ndiye aiwashe, maana bila yeye binti asingefika hapa na sisi sote tusingekuwa hapa. Watu wetu wakapiga makofi. Waingereza wakauliza amesema nini, wakatafsiriwa, nao wakapiga makofi. Derek akamtazama Mzee Sohan. Baba alikuwa tayari ameshatoka mbele, amefunga kifungo cha koti, akaenda kusimama kwenye propela.

Injini ya namna ile, silinda moja ikiwa juu na mbili zikitazama chini, ikisimama muda oili huteremka na kujikusanya kwenye hizo za chini. Oili haibonyei. Ukiizungusha kwa nguvu ikiwa imejaa, kitu kinachopinda ni konrodi. Ndiyo maana kwanza swichi inazimwa, na propela inazungushwa polepole kwa mkono, kusikiliza kama inagoma. Hilo lilikuwa jambo moja. La pili lilikuwa vidole vyake. Alivipindia nyuma ya ubao wa propela, kama mtu anayefungua mlango wa ghala, na mwili mzima ameuweka njiani. Injini ikiwaka kwa kurudi nyuma inachukua vidole, inaweza kuchukua mkono. Mzee Sohan alisema ngoja, lakini kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemkatiza mgeni, na Baba hakumsikia kwa makofi. Alikuwa anatabasamu kwa simu zilizoinuliwa. Nikaona mabega yake yakijikaza.

"Baba, acha. Toka hapo," nikasema. "Hujui unachofanya. Hujawahi kugusa injini maisha yako."

Nilisema kwa Kiswahili ili nimsitiri. Nimelifikiria hilo mara nyingi na ni kweli: mbele yangu niliwaona walimu wangu na majirani wa Derek, nikachagua lugha ambayo siku zote katika mji ule ilikuwa ya kujifichia. Nikasahau kwamba siku hiyo nusu ya uani walikuwa watu wake. Wakenya walielewa, Watanzania walielewa, Wakongomani walielewa, na wale watoto wasiojibu Kiswahili walielewa, nikawaona wakiwatazama mama zao. Waingereza ndio walioendelea kutabasamu, simu juu. Kusema toka hapo kungetosha. Vidole vyake vilikuwa hatarini na ilikuwa haki yangu kupiga kelele, sijuti hilo. Ni sentensi ile ya mwisho. Ilikuwa imekaa ndani yangu tangu siku ya bomba la maji, ikapata mlango.

Baba aliachia propela, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Sawa, mama," kama alivyoniita tangu utotoni, akarudi nyuma, akasimama pembeni mwa sufuria la mandazi. Mzee Sohan akachukua nafasi yake bila kumtazama mtu. Akazungusha taratibu na propela ikagoma katikati. Wakafungua plagi za silinda za chini, oili nyeusi ikachuruzika kwenye kopo, wakafunga. Kisha injini ikakohoa, ikatoa wingu la moshi wa samawati, ikawaka. Iliwaka vizuri. Mpigo wake ulikuwa sawa, konrodi yangu ikazunguka ndani humo bila kuonekana, walimu wangu wakaja kunipa mkono. Ilikuwa ndiyo siku niliyoingoja mwaka mzima, na ninachokumbuka ni kelele tu na joto usoni. Mama Furaha alipita na sinia la mandazi, akanipa moja kwenye karatasi.

"Ulikuwa na haki, binti yangu," akasema chini chini. "Lakini si mbele yetu."

Kwenye basi Baba alizungumza juu ya mvua. Nyumbani alipika. Kwa wiki kadhaa tuliishi hivyo, kwa adabu, tukipishana kwenye korido kama wapangaji. Watu wetu hawakumcheka. Ingekuwa afadhali. Walianza tu kumwita Mzee Warsame, ambalo kweli ni jina lake, wakilitamka kwa uangalifu, na uangalifu huo ndio uliomuumiza, maana alipunguza kutoka. Nilipohitimu Mama Furaha alinifanyia karamu ndogo kwenye ukumbi wa jumuiya. Katikati ya chakula mzee mmoja akaita kutoka mbele, Injinia, njoo tupige picha. Kwa mazoea niligeuka kumtazama Baba. Naye hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Wanakuita wewe," akasema, akasogeza kiti chake nipite.

Kesho yake, akiwa anaosha vyombo, alinieleza bila kuulizwa. Pale uwanjani alikuwa anajaza mafuta. Alivuta mpira mrefu mpaka kwenye ndege, akajaza, akafuta vioo, akarudisha mpira. Aliyajua matatizo ya ndege kwa macho tu, akasikiliza mafundi wakibishana, akawapenda. Mwenye duka mmoja Eastleigh alimwona na ovaroli akamwita Injinia kwa utani. "Mara ya kwanza nilicheka," akasema. "Baadaye nikaacha kukataa. Halafu ukazaliwa wewe, ukaniamini. Ningekuambia lini?" Nilikausha vyombo. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile sentensi ya mwisho, nikaona nikiitaja itakuwa kama kuisema tena, nikaacha.

Jumapili moja kengele ya chini ililia, na aliyepanda ngazi kwa kupumzika pumzika alikuwa Mzee Sohan. Nilidhani amenifuata mimi. Akanisalimia, akaniuliza baba yako yuko. Waliketi jikoni, vikombe vikigongana kabatini kwa mtetemo wa mashine za chini, na mimi nikabaki chumbani mlango wazi. Alisema kifundo cha mkono wake kinamuuma, na kuna vali za injini nyingine za kusugua mpaka zikae vizuri, kazi ya kukaa chini na subira. Baba akasema, yeye hajui kazi hiyo. Alilisema wazi, mara ya kwanza kumsikia akilisema. Mzee Sohan akasema hapana shida, mimi taonyesha wewe. Baba akauliza ni basi gani la mapema Jumamosi.

Alienda. Hakugeuka fundi. Mkono wake ulikuwa mzito, aliharibu vali moja wakalazimika kuichonga upya, Derek akamtania naye akacheka, akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Alirudi nyumbani na vidole vyeusi akinionyesha, hivi ndivyo unavyozungusha, nusu kwenda, nusu kurudi, na kuinua kidogo. Nilisema vizuri, Baba. Mimi niliacha kwenda. Nilisema natafuta kazi, na kweli nilikuwa natafuta, lakini sikuacha kwa ajili hiyo. Niliacha kwa sababu nilienda mara moja nikamkuta amekaa kwenye kistuli kifupi, miwani imemshuka puani, Mzee Sohan amemshika kiganja anakiongoza kama cha mtoto wa shule, naye anasema ndiyo, ndiyo. Hakuwa na haya hata kidogo. Zote nilikuwa nazo mimi.

Vuli ilipoingia nikapata kazi kaskazini, ofisi ya usanifu ya kampuni inayotengeneza pampu. Baba alinisindikiza stesheni ya Acocks Green, akanibebea sanduku ngazi zote. Jukwaani alinipa mfuko wa sambusa uliokuwa bado wa moto. Akasema kuna jambo moja.

"Wakikuuliza baba yako anafanya kazi gani, waambie nafunga maboksi Great Barr. Usione tabu."

Nikasema sawa, Baba.

Wiki yangu ya kwanza, mama mmoja Mwingereza wa idara yetu aliniuliza, tukisubiri birika lichemke, mapenzi ya injini niliyatoa wapi. Nikamwambia kwa baba yangu. Akauliza kama naye alikuwa kwenye fani hiyo. Maneno ya Baba nilikuwa nayo mdomoni, ghala, maboksi, Great Barr. Nikasema alikuwa injinia wa ndege Nairobi, sasa amestaafu. Yakatoka kirahisi, kama nilivyoyasema utoto wangu wote. Akasema ni jambo zuri sana hilo, akanimiminia maji ya chai.

Jioni Baba alipiga simu. Alitaka kujua chumba kina joto, nimekula nini, na kama kazini wameshamuulizia. Nikamwambia bado.